Sauti Kubwa ya Mji Mdogo: Kikundi ni cha Nani?

Wako watu, na si wachache, ambao wakisikia gita la umeme linanguruma na dramu zinapigwa kwa kishindo, hukata shauri papo hapo kwamba hizo ni kelele za vijana wasio na kazi. Hukumu ya namna hiyo ni rahisi kuitoa, lakini si ya haki, maana hutolewa kabla ya shahidi kusikilizwa. Leo safu hii inakusudia kumsikiliza shahidi mmoja wa mbali: kikundi cha Nightwish cha nchi ya Finland, ambacho kwa muda wa karibu miaka thelathini kimekuwa kikipiga muziki unaoitwa metali ya simfonia.

Habari za kikundi hiki zinawafaa wapenzi wa muziki, na zinamfaa zaidi kila aliye kiongozi au mwanachama wa kikundi cho chote cha sanaa. Sababu ni kwamba ndani yake limo swali ambalo vikundi vingi huvunjika kabla ya kulijibu. Swali lenyewe ni hili: kikundi ni cha nani? Je, ni cha mtunzi aliyekianzisha, ni cha mwimbaji ambaye umma unampenda, au ni cha wote wanaokitumikia?

Kwanza yafaa tueleze muziki huo ni muziki gani. Muziki wa metali haukuzaliwa katika majumba ya fahari. Ulizaliwa katika mitaa ya wafanyakazi wa mji wa Birmingham, Uingereza, ambako kikundi cha Black Sabbath kilianzishwa mwaka 1968. Mpiga gita wake, Tony Iommi, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Akiwa na umri wa miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye hupiga gita kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo alivyokuwa akibania nyuzi. Hakukata tamaa. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimwumize. Uzi uliolegezwa hutoa sauti nzito ya chini, na uzito huo ukawa ndio alama ya muziki mzima. Kwa hiyo, anayeudharau muziki huu kwa ukali wake akumbuke kwamba sehemu ya ukali huo imetokana na jeraha la mfanyakazi.

Wakati huo huo walikuwapo watu waliojaribu kuuunganisha muziki wa gita la umeme na muziki wa okestra kubwa za Ulaya. Mwaka 1969 kikundi cha Deep Purple kilipiga pamoja na Okestra ya Kifalme ya Filhamonia mjini London. Mwaka 1975 kikundi cha Queen kilitoa wimbo uliopachika kipande kizima cha mtindo wa opera katikati ya muziki wa roki, na mtunzi na mwimbaji wa wimbo huo, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa hapa hapa Unguja, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mwaka 1988 Mercury alitoa albamu nzima pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mashuhuri wa opera wa Hispania. Basi ndoa ya opera na gita la umeme si jambo geni kabisa kwetu sisi watu wa visiwa hivi, maana mmoja wa washenga wake alizaliwa miongoni mwetu.

Ama kuhusu Nightwish, chimbuko lake ni Kitee, mji mdogo wa mashariki ya Finland, katika jimbo la Karelia ya Kaskazini, karibu na mpaka wa Urusi. Leo wakazi wake hawafiki elfu kumi. Mwezi Julai mwaka 1996, kijana Tuomas Holopainen, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa na rafiki zake wakiota moto katika kisiwa kidogo cha ziwani, na hapo ndipo lilipomjia wazo la kuanzisha kikundi. Aliwachagua wenzake wawili wa mji huo huo: Emppu Vuorinen, mpiga gita, na Tarja Turunen, msichana aliyekuwa akijifunza uimbaji. Nia yao ya kwanza ilikuwa ndogo tu: kinanda, gita la kawaida lisilo la umeme, na sauti ya mwimbaji, basi.

Nia hiyo ilishindwa na sauti ya Turunen. Msichana huyo alikuwa akisomea uimbaji katika Chuo cha Muziki cha Sibelius, tawi la mji wa Kuopio, na baadaye aliendelea na masomo huko Karlsruhe, Ujerumani. Mwimbaji wa opera hufundishwa kuijaza nyumba nzima kwa sauti yake bila ya kutumia kipaza sauti. Sauti ya namna hiyo, ikiwekwa juu ya gita dogo, huwa kama jahazi kubwa lililotiwa katika kidimbwi. Kwa hiyo ilibidi kidimbwi kiwe bahari. Gita la umeme likaletwa, akaongezwa Jukka Nevalainen, mpiga dramu, na mwezi Novemba 1997 albamu ya kwanza ikatoka. Albamu ya pili ilitoka mwezi Desemba 1998, nayo ndiyo iliyowatoa katika nchi yao na kuwatambulisha kwa mataifa ya Ulaya.

Tuitazame sasa sauti hiyo jinsi inavyojengwa, maana ujenzi wake una akili. Chini kabisa zipo dramu na gita la besi, vyombo vinavyoshika mwendo. Juu yake lipo gita la umeme, ambalo sauti yake hukwaruzwa makusudi kwa mitambo mpaka iwe nene kama ukuta. Kisha hufuata kinanda cha Holopainen, na pembeni yake fidla, tarumbeta na zumari za okestra, pamoja na kwaya ya watu wengi. Juu ya yote husimama sauti ya mwanamke mmoja. Tatizo la fundi ni kwamba gita lililokwaruzwa hupenda kuijaza nafasi ile ile wanayokaa fidla na sauti ya mtu. Asiyeijua kazi huviacha vyote vipige kwa nguvu kwa wakati mmoja, na msikilizaji hasikii hata kimoja. Wahenga walisema kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Nightwish walilitatua tatizo hilo kwa kugawana zamu. Okestra inapoeleza, gita hunyamaza au hupiga mapigo mafupi ya kukata. Mwimbaji anapoingia, kinanda hushuka chini. Kishindo kikuu hutunzwa mpaka mahali pake, na kwa sababu kilitunzwa, kinapofika hutikisa. Mpenzi wa taarab asilia hatapata taabu kulielewa jambo hili, maana okestra ya taarab nayo ni jamii ya vyombo vinavyoachiana nafasi: fidla hujibu, ganuni hupamba, na mwimbaji anapoanza ubeti vyote huinamisha sauti. Miziki hii miwili haifanani hata kidogo kwa ladha, lakini adabu ya kupishana ni moja.

Yafaa pia tuulize: mji wa watu elfu kumi uliwapata wapi vijana wenye elimu ya muziki kiasi hicho? Jibu ni kwamba Finland iliamua zamani kwamba muziki ni sehemu ya elimu ya raia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali yake pamoja na serikali za mitaa zimekuwa zikigharimia shule za muziki katika sehemu mbali mbali za nchi, wala si katika mji mkuu peke yake. Mtoto wa Kitee aliweza kujifunza kinanda au zumari bila ya kuhamia Helsinki, na Holopainen mwenyewe alijifunza kupiga klarineti utotoni mwake. Tena, mwaka 2002, kikundi kilipotaka kwa mara ya kwanza okestra ya watu hai badala ya kuiga fidla kwa kinanda, hakikuhitaji kwenda mbali. Kilipiga pamoja na Okestra ya Mji wa Joensuu, mji mkuu wa jimbo lao, okestra ambayo ni mali ya mji. Fedha za umma zilizopandwa katika shule na okestra zilizaa tunda ambalo pengine hakuna ofisa hata mmoja aliyelitazamia.

Njia haikuwa nyeupe wakati wote. Mwaka 2000 kikundi kiligombea nafasi ya kuiwakilisha Finland katika mashindano ya nyimbo ya Eurovision. Kura za wananchi ziliwapa ushindi, lakini hesabu za waamuzi zikawanyima nafasi hiyo. Haikupita miaka mingi, mwaka 2006, Finland ikashinda mashindano hayo kwa mara ya kwanza katika historia yake, na walioishindia walikuwa kikundi kingine cha roki nzito, Lordi. Wananchi walikuwa wametangulia kuona jambo ambalo waamuzi walichelewa kuliona.

Mwaka 2001 aliingia Marko Hietala, mpiga gita la besi mwenye sauti nzito ya kiume, na nyimbo zikapata majibizano baina ya sauti yake na ile ya Turunen. Mwaka 2004 ilitoka albamu iitwayo Once, ambayo okestra yake ilirekodiwa mjini London, na sehemu zake kupangwa na Mwingereza Pip Williams. Ilishika nafasi ya kwanza nchini mwao na Ujerumani pia. Kikundi kilizunguka dunia, na kwa mtu wa nje hakukuwa na dalili yo yote ya ugonjwa. Kumbe mti ulikuwa umeliwa kwa ndani.

Tarehe 21 Oktoba 2005, baada ya tamasha kubwa katika ukumbi wa Hartwall mjini Helsinki, wanaume wanne wa kikundi walimkabidhi Tarja Turunen barua ya kumwachisha. Barua hiyo haikubaki siri yao, bali ilitangazwa hadharani ili dunia nzima isome. Ndani yake walimlaumu kwamba yeye na mumewe, aliyekuwa akishughulikia mambo yake ya kazi, waliweka mbele fedha na maslahi yao kuliko kikundi. Turunen naye alijibu hadharani, akieleza uchungu wa kufanyiwa hivyo na watu aliokuwa akiwahesabu kuwa rafiki zake.

Safu hii haina ushahidi wa kuhukumu nani alikosa katika ugomvi wa watu wa mbali, wala si kazi yetu. Lakini jambo moja twaweza kulisema bila woga. Hata kama sababu za kuachana zilikuwa za haki, namna ya kuachana haikuwa nzuri. Mwenzako mliyeanza naye mkiwa watatu, ambaye sauti yake ndiyo iliyokufanya uubadilishe muziki wako wote, hafai kuagwa kwa barua inayosomwa na mataifa. Aibu ya mtu mmoja ikishatangazwa hairudi tena mfukoni. Wapenzi wa kikundi waligawanyika makundi mawili, wakatukanana kwa miaka mingi, na kila mwimbaji aliyefuata alibebeshwa mzigo wa ugomvi ambao hakuuanzisha.

Mzigo huo wa kwanza alitwikwa Anette Olzon wa Sweden, aliyetangazwa mwezi Mei 2007. Sauti yake haikuwa ya opera. Ilikuwa sauti ya kawaida, nyororo, yenye hadithi. Albamu yake ya kwanza na kikundi ilitoka mwaka huo huo wa 2007, okestra ikiwa imerekodiwa katika studio ya Abbey Road mjini London. Haikupungua ukubwa wala mafanikio. Hata hivyo, kila alipopanda jukwaani alipimwa kwa kibaba cha mwingine, jambo ambalo ni dhuluma kwa msanii ye yote. Tarehe 1 Oktoba 2012, wakiwa katikati ya ziara ya Amerika ya Kaskazini, kikundi kilitangaza kwamba yeye nacho wameachana. Mara ya pili mwimbaji aliondoka, na mara ya pili palibaki maneno.

Hapo ndipo alipoitwa Floor Jansen wa Uholanzi. Alikuwa na siku mbili tu za kujitayarisha, akaimba usiku huo huo wa tangazo katika mji wa Seattle. Jansen anazo sauti zote mbili, ya opera na ya kawaida, na hata ya kunguruma, kwa hiyo aliweza kuziimba nyimbo za wote waliomtangulia bila ya kumwiga hata mmoja. Mwaka 2013 alifanywa mwanachama kamili, pamoja na Troy Donockley, Mwingereza anayepiga zumari za mfuko za Ireland. Mwezi Desemba 2015 kikundi kiliujaza ukumbi wa Wembley mjini London, kikiwa cha kwanza kutoka Finland kuongoza tamasha humo. Albamu ya mwaka huo ilimalizikia kwa wimbo wa dakika 24 unaosimulia historia ya uhai duniani, na albamu ya mwaka 2020 ilikuwa na sehemu nzima ya okestra tupu isiyo na gita wala dramu. Hapo mtunzi alikuwa ameufikia mwisho wa njia aliyoianza ziwani: okestra haikuwa pambo tena, ilikuwa msemaji mwenyewe.

Lakini ukubwa una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na miili ya watu. Mwaka 2014 Jukka Nevalainen aliacha kupiga dramu kwa sababu ya maradhi makali ya kukosa usingizi, na Kai Hahto akashika nafasi yake. Mwezi Januari 2021 Marko Hietala alijiuzulu baada ya miaka ishirini. Alieleza waziwazi kwamba alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa huzuni, na akalalamikia utaratibu wa biashara ya muziki wa zama hizi, ambamo makampuni yanayosambaza nyimbo kwa intaneti hupata faida na msanii hubakiwa na makombo. Ikiwa mwanachama wa kikundi kinachojaza kumbi za dunia analia hivyo, hali ya mpiga fidla wa kijijini ni ipi?

Tofauti moja yafaa kutazamwa. Nevalainen alipoumwa hakutupwa. Kwa miaka kadhaa aliendelea kuhesabiwa kuwa mwenzao na kushughulikia mambo ya kikundi nje ya jukwaa. Na Hietala alipoondoka, aliondoka kwa maneno yake mwenyewe, wenzake wakapokea. Yaelekea kikundi kilikuwa kimejifunza, kwa bei ghali, namna ya kuagana. Hata lile jeraha la mwaka 2005 limepata dawa kidogo: mwaka 2024 Hietala, mmoja wa waliotia saini barua ile, na Turunen, aliyepewa barua ile, walitoa wimbo pamoja na kupanda jukwaa moja. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Nightwish wenyewe walitoa albamu yao ya kumi, nao walikuwa wametangaza kabla ya hapo kwamba hawatafanya ziara kwa ajili yake. Baada ya mbio ndefu kiasi hicho, kupumzika nako ni busara.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wapo wanaosema kwamba kikundi ni cha Holopainen, kwa kuwa yeye ndiye mtunzi, na kwamba waimbaji watatu walikuwa wapangaji tu katika nyumba yake. Ni kweli kwamba utunzi wake ndio uliokiokoa kikundi kisife alipoondoka mwimbaji. Lakini kauli hiyo haitoshi. Bila ya sauti ya Turunen, Holopainen angebaki na gita lake la kuotea moto. Bila ya Jansen, nyimbo za zamani zingekuwa kumbukumbu za watu waliogombana. Wapo pia wanaosema kwamba kikundi ni mwimbaji wake, nao wamekanushwa na miaka ishirini iliyofuata. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila upande umevutia ngozi kwake. Ukweli ni kwamba kikundi ni kazi yenyewe, na mwenye haki juu yake ni kila aliyeitumikia, kwa kadiri alivyoitumikia, hata baada ya kuondoka.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi kadiri hiyo haifai kuachwa ikisubiri siku ya ugomvi ndipo ipimwe. Vikundi vya sanaa, viwe vya Kitee au vya Unguja na Pemba, vina wajibu wa kuandika mapatano mapema, wakati watu wangali wanapendana: nani ni mtunzi, mapato yagawanywe vipi, mgonjwa atatunzwaje, na anayeondoka aagwe kwa njia gani. Finland ina chama cha kutetea haki za watunzi tangu mwaka 1928, na kingine cha wapigaji na waimbaji tangu mwaka 1967. Hata hivyo, sheria haikuweza kuzuia barua ya mwaka 2005, kwa sababu sheria hugawa fedha, haigawi heshima. Visiwani kwetu sheria ya hakimiliki ilitungwa mwaka 2003. Ni wajibu wa wahusika kuona kwamba msanii wa mwisho kabisa shamba anaifahamu, na ni wajibu wa viongozi wa vikundi kuongeza juu yake yale ambayo sheria haiwezi kuyaandika.

Na kwa wale waliokabidhiwa fedha za umma, habari za Kitee zina neno lao pia. Mtoto akipewa fidla na mwalimu, haijulikani atafika wapi. Pengine hatafika po pote mbali na sherehe za mtaani kwake, na hilo nalo ni faida. Pengine ataipaza sauti ya mji wake mdogo mpaka isikike duniani kote. Lakini asiyepewa fidla wala mwalimu, mwisho wake twaujua tangu leo.